Themostati ya Chumba cha Mama

Dada yangu, anayeishi Kanada, alinunua themostati ile baada ya mama kulazwa kwa nimonia. Ilitakiwa kufungwa ukutani chumbani kwa mama, Uthiru, iwashe hita baridi ikizidi na kuizima chumba kikishapata joto, bila mtu kugusa chochote. Kwenye kundi letu la familia aliandika wazi: kifua kikirudi msimu huu wa baridi, mama atahamia kwangu Riruta na nyumba yake itapangishwa. Mama alijibu kwa kidole gumba. Namfahamu. Hakuwa amekubali.

Kifaa kilikuja na mtu aliyekuwa akisafiri. Nilikipeleka mjini, kwa Mhindi mmoja ambaye familia yake imeuza nyaya tangu enzi za babu yake. Alikigeuza, akasoma maandishi ya nyuma, akacheka.

"Dada, hii ni ya volti ishirini na nne. Huko kwao kuna transfoma. Ukiipa umeme wetu itakuaga kwaheri hapo hapo."

Kisha akanyoosha mkono rafuni kuchukua ya kwake, ya volti mia mbili na arobaini. Haraka ile ya mkono ilinitia shaka. Niliingia duka la pili na la tatu, nikaambiwa maneno yale yale, ndipo nikarudi kununua kwake. Alinifungashia bila kuniuliza nilikuwa wapi.

Fundi nilimtoa Riruta, na nilisimama nyuma yake muda wote. Alifungua kisanduku cha swichi ya zamani ya hita. Ndani mlikuwa na nyaya mbili tu, moja ya kuleta umeme na nyingine ya kuupeleka kwa hita.

"Hakuna nyutro hapa, ule waya wa kurudisha umeme," alisema. "Swichi ya kawaida haihitaji, inakata na kuunga tu. Hii yako iko na kioo na waifai, inataka kula umeme saa zote, hata hita ikiwa imelala."

"Utaitoa wapi?"

"Kwa ile swichi kubwa ya mlangoni, yenye taa nyekundu. Ndiyo inalisha hita."

Aliuvuta waya mweusi wa nyutro kupitia bomba la ukutani. Nilimwambia aupime kwa testa. Akaupima. Nikamwambia apime tena nikiona.

"Madam, wewe ni polisi?"

"Ni polisi," mama alijibu kutoka kitandani. "Tangu akiwa mdogo."

Wakacheka wote wawili. Nikaenda kutafuta ufagio wa kuzoa vumbi la plasta, na nilipokuwa kwenye korido nilimsikia fundi akimwonyesha mama simu. "Shosho, sasa mtoto wako akiwa huko huko Kanada ataona chumba kina joto gani, na hita imewaka saa ngapi. Hata ukilala mchana atajua!"

"Atajua?"

"Kila kitu!"

Alisema kama mtu anayetoa zawadi.

Haukupita muda dada akaanza kunipigia. Themostati ilikuwa ikipotea kwenye simu yake, inarudi jioni, inapotea tena mchana. "Huyo fundi wako ametufungia vibaya," alisema, na mimi nilikuwa tayari kuamini. Nilimwita fundi, akakifungua kifaa mbele yangu na kuijaribu kila skrubu. Zote zilikuwa zimekazwa.

"Waya ziko poa. Kuna mtu anazima."

"Mama anaishi peke yake."

"Basi umejijibu."

Sikumwamini. Nilidhani anailinda kazi yake. Niliwaza pia kwamba umeme unakatika, lakini jirani aliniambia kwake mchana redio haijanyamaza. Siku moja ya kazi niliomba ruhusa, nikaenda Uthiru bila kupiga simu.

Jikoni soketi zote zilikuwa zimezimwa isipokuwa ya friji, kama ilivyo kwa kila nyumba tunayoijua. Sisi tumelelewa hivyo, mtu hatoki chumbani bila kuzima ukutani. Nikajiambia, kumbe ni mazoea tu. Nilifungua mlango wa chumba. Taa nyekundu ilikuwa imezimwa, kioo cha themostati kilikuwa cheusi, na mama alikuwa chini ya blanketi mbili, amevaa koti, anakohoa akiwa ameuziba mdomo kwa leso.

"Mama, hii haizimwi kama soketi ya pasi. Umesahau."

"Sijasahau. Nimeizima."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nikiwasha mchana, dada yako ataona," alisema. "Atasema mama amelala mchana, kifua kimerudi. Kesho kutwa kuna mpangaji jikoni kwangu. Jioni nawasha, kwa sababu jioni kila mtu anasikia baridi."

Alikuwa amejigandisha ili asionekane mgonjwa. Nilimweleza kwamba kifaa kinafanya kazi hata bila mtandao, na kwamba ningeweza kukitoa huko. Aliishusha leso.

"Na wewe umetumwa?"

"Hapana, mama."

"Kumbe inaweza kujificha, dada yako asiione?"

Nilikwenda sebuleni, nikachomoa kisanduku cha waifai, nikampa mkononi. Alikigeuza, akakiweka chini ya mto. Nikamwambia twende kliniki.

"Mpigie kwanza. Hapa, mbele yangu. Weka sauti nje."

Dada alipokea akilalamika. "Mbona imepotea tena?"

"Nimeizima mimi," mama alisema. "Kifua kimerudi. Naenda kliniki sasa hivi na mdogo wako, na nikitoka huko narudi kitandani kwangu. Kama unaipangisha nyumba yangu, sema nikisikia."

Dada alishusha sauti.

"Mama, umevaa nini?"

"Koti."

"Na soksi?"

"Na soksi."

"Basi nenda. Nyumba tutaiacha ilivyo."

"Sema tena. Huyu polisi asikie vizuri."

Dada akasema tena, polepole. Mama alijiinua, akaenda mlangoni akishika ukuta, akabonyeza swichi kubwa. Alisubiri mpaka hita ilipoanza kunguruma, ndipo akaniambia nimtafutie viatu.