Mama Shekinah Alivyopanda Ngano Mara Mbili

Mie si mkulima, na asije mtu kuniambia najifanya mkulima. Miaka thelathini nimekaa ofisini Stratford nikipanga mafaili ya watu. Kipande changu cha bustani hapa Lewisham, London, nilikichukua baada ya kustaafu, ili mke wangu Ummukulthum apate kupumua nyumbani. Napanda kotimiri na mchicha, inatosha. Lakini kipande cha jirani yangu ni habari nyingine, na kwa kuwa mwenyewe hajui kujisifu, nitamsifu mie.

Anaitwa Josée. Sisi wa bustanini tunamwita Mama Shekinah, kwa jina la binti yake. Ni Mkongo wa Lubero, huko kwenye milima ya Kivu ambako asubuhi watu huvaa masweta. Ukimwona anavyotembea, mfupi, mifuko miwili mkononi, utadhani anakwenda sokoni, kumbe anatoka kazini. Anafanya usafi hospitalini tangu alfajiri, saa nane mchana anamaliza, saa tisa yuko shambani. Alipofika nchi hii alipanga foleni ofisi ya uhamiaji Croydon miaka mitano akisubiri karatasi zake. Alipozipata akaomba kipande cha ardhi cha kukodi, akaandikwa kwenye orodha, akasubiri miaka minne mingine. Siku moja nilimuuliza, "Wewe mwanamke, kusubiri hakukuchoshi?" Akacheka. "Papa Mbarouk, nimezoea."

Mwaka wake wa kwanza mgongo ulimlaza kitandani na magugu yakafika kiunoni. Septemba mwaka jana ikaja barua. Aliniletea niisome, maana Kifaransa anakijua lakini Kiingereza cha barua kinamshinda. Ilitoka kwa kamati ya bustani: tarehe ishirini na nane Novemba atapita mkaguzi, na asipokuta mazao yanaota angalau kwenye nusu ya kipande, kipande kitapewa anayefuata kwenye orodha.

"Nikinyang'anywa hapa," akasema, "nirudi kwenye orodha na miaka yangu hamsini na sita? Sitapata tena." Mie ndiye niliyekasirika. Niliikunja ile barua vibaya mpaka ikachanika pembeni.

"Panda kabichi," nikamwambia. "Nunua miche, ichomeke, mkaguzi aone majani, yaishe."

Akanitazama kama nimemtukania mamake. "Ngano," akasema.

"Ngano ya nini? Mkate umejaa madukani!"

Ndipo akanieleza. Mamake alilima ngano, na bibi yake alilima ngano. Siku waliyokimbia vita ilikuwa imeshaiva, bado siku chache tu waivune. "Niliiacha imesimama, Papa. Shamba zima. Mpaka leo naiota." Habari ya kabichi nikaiacha hapo hapo.

Mbegu alipewa na Jaspal, mzee wa kipande cha tatu. Huyu Jaspal kazaliwa Njoro, Kenya, na ujana wake wote alikuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano. Alimpa ndoo nzima, kisha akaenda kwa mwanawe Leicester. Laiti angebaki!

Kwao Lubero mbegu hungoja mvua. Mvua ikishuka wanawake hutoka, huimwaga kwa mkono, kisha huikanyaga mguu kwa mguu wakiimba, mpaka izame. Basi Oktoba mvua ilipopiga siku ya tatu mfululizo, Mama Shekinah akaja na buti za mpira na furaha yote. Akamwaga mbegu, akakanyaga kipande kizima huku akiimba nyimbo za kanisani kwake. Mie nimejibanza kibandani nampigia makofi. Mjinga mkubwa mie!

Huko kwao ni mteremko, maji hujiendea yenyewe. Hapa ni tambarare, na udongo wake ni wa mfinyanzi, ukiukanyaga ukiwa umelowa unakuwa sakafu. Wiki mbili zikapita na maji yametuama juu pale pale. Siku moja akachimba kwa ukucha, akatoa punje. Ilikuwa imevimba, laini, inanuka. Akachimba pengine, vivyo hivyo. Akakaa chini kwenye tope na sare yake ya kazi, akalia. "Nimeiua mimi mwenyewe," alikuwa akisema. "Kwa miguu yangu." Yarabi, siku ile niliumia.

Jaspal aliporudi akatazama, akatikisa kilemba. "Mama, umeuziba huu udongo. Mbegu imekosa pumzi." Hakumcheka. Akamwonyesha: kwanza chimba mfereji kandokando maji yatoke. Halafu usikanyage tena, weka mbao usimame juu yake. Panda kwa mistari, usizamishe sana, na uweke mbegu maradufu, kwa sababu kwa baridi hii nyingi zitakufa. Na usiguse udongo mpaka ukiufinya mkononi uvunjike. "Ukikubali kufinyangwa kama chungu, nenda nyumbani," akasema.

Ndoo ilikuwa imebaki robo. Nikamwambia atawanye kidogo kidogo kipande kizima, ili mkaguzi aone kila mahali pana kitu. Akakataa. "Nitapanda nusu, lakini nusu yenye kushiba."

Mfereji tuliuchimba, na mvua haikukatika. Kila siku saa tisa Mama Shekinah anakuja, anachukua udongo, anafinya, anapata chungu, anarudi nyumbani. Mie roho inanitoka. "Panda leo, mwanamke! Siku zinakwisha!" Yeye anajibu, "Bado, Papa." Nilitamani kuimwaga mwenyewe ile mbegu, wallahi, na ningeiua mara ya pili.

Tarehe sita Novemba ukavuma upepo mkavu, ukavuma siku mbili. Tarehe nane akafinya udongo, ukavunjika. Akavua koti. Jaspal alichora mistari kwa fimbo, Mama Shekinah akafuata akidondosha mbegu na kuifukia kwa mgongo wa reki, na mie nilikuwa mhamisha mbao, na viatu vyangu vya ofisini, mgongo unalia, mdomo unalalamika. Mara moja nikateleza nikatua kwenye mistari kwa miguu yote miwili. "Papa Mbarouk!" Kelele ile nadhani walisikia hadi kituo cha treni. Tulipomaliza tu, manyunyu yakaanza.

Siku ishirini. Baridi ikaja, ukungu ukaja. Tarehe ishirini na nane mkaguzi akafika, bwana mmoja wa kamati aitwaye Alnashir, kashika ubao wake wa kuandikia. Akasimama njiani, akatazama. Nami nikatazama. Tope tupu!

"Sioni kitu hapa," akasema kwa Kiingereza, akaanza kuandika. Mama Shekinah akapiga magoti juu ya ubao wa shambani, akalaza shavu karibu na udongo, akamwita yule bwana kwa mkono kama anavyoitwa mtoto.

Bwana akasita. Damu ikanichemka. "Piga magoti, bwana!" nikamwambia. "Suruali inafuliwa!"

Akapiga magoti. Jua la Novemba lilikuwa chini, limelala juu ya shamba, na ukiinama hivyo unaiona: mstari wa kijani, mwembamba kama uzi wa kushonea, na mwingine, na mwingine, hadi mwisho wa nusu ya kipande. Alnashir alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akafuta alichoandika, akaandika kuwa shamba linalimwa, akaondoka na magoti meusi. Mama Shekinah akanikumbatia mbele ya watu, na mie nikalia bila aibu.

Palibaki sehemu mbili tupu, nyayo zangu kamili, namba arobaini na tatu. Akazitazama, akatoa kitunguu saumu mfukoni mwa koti, akachomeka punje moja katika kila unyayo. "Hapa patakuwa pako, Papa. Hata makosa yako tutayala."

Mwaka huu mwezi wa Agosti alivuna kwa mundu, mie na Jaspal tukifunga miganda. Ilipofika jioni ikabaki kona moja ndogo, na mawingu yamekusanyika. Nilikuwa hoi. Nikamwambia, "Iache hiyo, mama, utamalizia kesho."

Alikuwa ameshainama. "Hapana, Papa Mbarouk. Safari hii siachi hata moja imesimama."