Baba Mkwe Mlangoni, Mimi Kitandani kwa Mlowezi

Leo baba mkwe kanikuta nimekaa kitandani. Mbele za watu.

Tulikwenda kutembezwa lile jumba la zamani la mlowezi wa Kizungu, sasa makumbusho, juu ya kilima, upande wa Mang'ula. Mimi, mume wangu na baba yake, mzee wa Mchombe asiyetaka mchezo na mambo ya ukwe. Kwake, mkwe na baba mkwe hawakutani chumba cha kulala, wala hawagusani.

Mume kabaki uani anapiga picha.

Mimi nikatangulia na mwongozaji na wageni wengine hadi chumbani, ghorofani. Kitanda cha mninga, mapazia ya hariri. Nikakaa, nijipige selfi.

Kuinua macho, mzee yuko mlangoni.

Na mlango ni huo mmoja, tena mwembamba.

"Mzee, ingia uone kitanda," mwongozaji akamwita.

"Humo yumo mkwe wangu."

"Hapa ni makumbusho tu mzee, hakuna anayelala."

"Kitanda ni kitanda."

Wageni wote wananitazama. Nitapitaje bila kumgusa?

Mzee akarudi nyuma, akageukia ukuta, akajifunika uso kwa kofia.

"Pita, mama."

Nikapita. Tukarudi nyumbani Ifakara.

Sasa mzee anasubiri chai. Nimpelekee mimi, au nimtume mwanawe?