Meseji za Maziwa kwa Marehemu

Leo nimefoka katika ofisi ya chama cha maziwa hapa Eldoret.

Kijana wa kompyuta alikuwa ananihakikishia, "Mama Nekesa, namba ya Mzee nilishaifuta."

Papo hapo simu ya marehemu mume wangu ikalia mkononi mwangu, kama kila asubuhi: "Mzee, hatujaona maziwa yako leo."

Kijana akafungua programu. Kumbe kila alipotunga meseji mpya alinakili orodha nzima ya wakulima. Akifuta jina huku, kule limebaki.

"Kwa nini isiwe orodha moja?"

"Nilikuwa na haraka, Mama."

Haraka!

Mume wangu alikuwa akipasha mikono moto kabla ya kukamua, ng'ombe asishtuke.

Nyinyi mnaoandika programu, wekeni majina yetu mahali pamoja. Nimechoka kumzika kila asubuhi.

Jamani, nimekosea kufoka?