Malenge Yaliyomfunika Mdogo Wangu

Jirani yangu akichemsha majani ya malenge, harufu inapenya ukutani, nami nanyamaza hata kama nilikuwa nacheka.

Tuliishi kwa shamba la mzungu, tukilima kipande kwenye mteremko wa mto. Mama alichanganya mahindi na maharagwe, na malenge yakatambaa chini. Malenge aliyapanda hasa pale tulipomzika mdogo wangu, kwa sababu mzungu hakutaka kuona kaburi shambani.

Asubuhi moja nyapara akaja.

"Mama, mzungu anataka mahindi peke yake. Hii yako ni msitu."

"Msitu gani unaliwa na ugali?" mama akamjibu, nikaangua kicheko.

"Ng'oa, ama mhame."

Tuling'oa maharagwe na malenge yote. Pale kwa mdogo wangu mama aling'oa mwenyewe, polepole, kama anayemfunua mtoto blanketi.

Mvua ikakuta udongo uko uchi, ikauburuta mpaka mtoni. Ilipokatika, mteremko wote ulikuwa matope matupu.

"Mama, ni hapa?"

"Hata sijui, mtoto wangu."

Tangu hapo alipalilia shamba lote akinyata.