Gunia la Makaa Lililokataa Kudumu

Siku ile baba mdogo alipolipindua gunia tupu la makaa mbele ya mlango wetu haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana uliporudi kazini umekasirika nikaiona tena. Ulisema mmeshusha bei ya majiko ya gesi, mkaishusha mara ya pili, na bado wanawake wa hapa Rumonge wanapikia makaa. Ukasema mkuu wako anawaona watu hawa hawajui hesabu. Mimi niliacha shule mapema, lakini hesabu ninaijua, na neno hilo la mkuu wako silikubali. Keti nikueleze.

Ziwa lilimchukua baba yetu, na homa ikamchukua mama kabla hatujamaliza kulia. Nikabaki mimi, mkubwa, na wadogo zangu, Issa na Hawa. Nilianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani, nikauza, jioni nikapika. Baba mdogo, aliyekuwa akinunua samaki kule Magara, alijitolea kutuletea makaa. Alikuwa mtu mwema, ila aliamini kwamba kila mtu anaongozwa na mfuko wake, kama yeye.

Gunia la kwanza liliisha upesi. La pili vilevile. Basi akaja na mpango wake, amefurahi kama mtu aliyepata dawa.

"Mariamu, sikiliza. Makaa ikibaki mwisho wa mwezi, uza. Pesa iko yenu. Mununue viatu vya shule na nyinyi."

Tulivitaka viatu vile, usidhani hatukuvitaka. Mdogo wangu Issa alikuwa akienda shule miguu mitupu. Lakini gunia likaisha kama yale mengine. Baba mdogo akageuza mpango: likiisha mapema, nitalipia mimi la kuongezea, kwa faida yangu ya ndagala. Nikalipia. Mbabula yetu, lile jiko dogo la makaa, ikaendelea kuwaka pale uani tangu alfajiri, sufuria ya maharagi juu yake bila kifuniko. Maharagi yakiiva niliongeza maji, nikaongeza na makaa.

Ndiyo sababu siku ile alilikung'uta gunia mbele ya majirani wote.

"Ninyi munakula maharagi ao munakula makaa?" Watu wakacheka. "Nimewapa zawadi, hamutaki. Nimewapa azabu, hamusikii. Weye mutoto wa kwanza, kichwa yako iko wapi?"

Nilikuwa msichana, na kwetu msichana hamjibu baba yake mdogo hadharani. Nilimjibu. Sijajuta mpaka leo.

"Kichwa yangu iko hapa, baba mudogo. Moto ukizimika, shangazi anakuja kubeba Issa."

"Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe. Alisimama hapo penye umesimama. Alitia mukono ku mbabula, akaona iko baridi. Akasema nyumba hii haina mutu mukubwa, watoto wagawanywe. Issa aende naye Bugarama, Hawa apelekwe Kigwena."

Baba mdogo akalitazama gunia lake, akaanza kulikunja polepole, kama mtu anayetafuta kazi ya kuipa mikono.

Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Sikuwa ninapika maharagi tu. Ndugu zetu walipita kila mara, wengine kwa huruma ya kweli, wengine wakitafuta mtoto wa kuwachungia mbuzi, na wote jicho la kwanza lilikwenda jikoni. Mvuke wa sufuria ile, unaoonekana tangu njiani, ulikuwa ukisema kwa niaba yangu: hapa kuna mkubwa. Sasa niambie, viatu vya bei gani vingenifanya niuzime moto ule?

Baba mdogo hakuomba msamaha. Si desturi ya wanaume wa rika lake. Lakini Ijumaa, baada ya swala, aliwaita shangazi na wazee wa ukoo, akasema mbele yao na mbele ya majirani: watoto hawa wanakaa kwa Mariamu, na anayetaka kumchukua mmoja apitie kwangu kwanza.

Walipoondoka, jirani yetu Mama Zaituni akanijia na kifuniko cha sufuria.

"Funika sasa, binti yangu. Na maharagi uyaloweke usiku. Umeyapikia macho ya watu vya kutosha, wapikie wadogo zako." Akacheka. "Na asubuhi leta sufuria yako kwangu, kesho yake mimi nitaleta yangu. Mbabula moja inatosha wanawake wawili wenye akili."

Gunia lililofuata lilidumu. Baba mdogo akajisifu Magara yote kwamba viatu ndivyo vilivyotufundisha. Nilimwambia hapana, ni maneno yake ya Ijumaa. Akasema mimi ni mbishi. Ni kweli, mimi ni mbishi.

Sisemi bei ni bure. Gesi ikiwa ghali, nani ataigusa? Lakini bei inafungua mlango tu. Haimwingizi mtu ndani. Mkuu wako anashusha namba, halafu anakaa ofisini kungoja. Wewe usingoje naye. Ingia uani, kaa kwenye kigoda, uliza. Pesa ya jiko inatoka kwa nani, na anayepika ni nani? Mwenye nyumba anaruhusu chupa ya gesi ndani ya chumba chake cha kupangisha? Sufuria ya bugali, ugali wa watu wengi, ukisongwa kwa nguvu, inatulia juu ya jiko lile au inaanguka? Makaa yananunuliwa kwa kopo kila jioni. Gesi nayo inauzwa kwa kopo? Na je, kuna jambo mama huyu analilinda kwa moto wake, ambalo hawezi kukwambia siku ya kwanza? Mpaka ujue hilo, usimwite mjinga, na mtu yeyote asimwite mjinga mbele yako ukanyamaza. Hata akiwa ndiye anayekulipa mshahara. Mwambie nimekutuma mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio kabla ya maneno, akupe uso ambao akina mama hawataufungia mlango, na shingo isiyoinama mbele ya anayewadharau. Amina.