Perere Hana Askari

Mdogo wangu, kuna Jumamosi moja naikumbuka kila ninapopita mpakani mwa shamba letu la tangawizi. Naiandika hapa kwa sababu kukuambia ana kwa ana nitashindwa, unanijua nilivyo.

Nilikuwa kidato cha pili. Wiki ile mwalimu wa baiolojia alitufundisha kwamba perere, yule mnyama mdogo anayelia msituni usiku, ni ndugu wa mbali wa tembo. Tulicheka. Akasema tembo wamo hatarini kutoweka, na perere wa milima yetu naye anaelekea huko, maana miti mizee yenye matundu anamolala inakwisha.

Basi Jumamosi nikamkuta Baba Mdogo na rafiki yake wamerundika majani mabichi chini ya mti mmoja wa namna hiyo mpakani pale, ili wamfukize perere atoke. Nikawaamkia.

"Marahaba, msomi wetu," Baba Mdogo akaitikia. "Eti siku hizi shuleni wanafundisha kwamba huyu naye yumo hatarini kama tembo?"

Rafiki yake akaangua kicheko. "Panya huyu? Mkonga ameuacha wapi?"

Wote wakanitazama. Aibu ikanishika, nikatazama chini. Nikasema, "Sijui."

Wakawasha. Moshi ulipopungua, perere wawili walikuwa wamelala chini ya mti, wamekufa: jike na kitoto chake.

Bibi, aliyekuwa akipalilia, akaja akasimama. Akaniuliza mimi, si wao: "Ulijua kwamba wanakwisha?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Baba Mdogo akatupa panga chini. "Ah! Ungesema tu, ningeacha. Mbona nilikuuliza?"

Bibi hakupaza sauti. "Mjukuu wangu, tembo akiguswa kule hifadhini Kisiwani, askari wa wanyamapori wanafika na gari. Huyu hana askari. Leo alikuwa na wewe tu."

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mimi yalinijia mapema, kabla hata ya kumaliza shule. Tangu siku ile sijasikia perere upande ule.

Kwa hiyo nisikilize, japo nimekuzidi miaka michache tu. Kuwaheshimu wakubwa si kuwaficha unachokijua. Waamkie, tazama chini ukitaka, sauti itetemeke ikitaka, lakini ukiulizwa, jibu. Na usimpime kiumbe kwa ukubwa wake. Mkubwa watu wanamwona wenyewe, mdogo husubiri wa kumsemea.

Mungu akupe ujasiri nilioukosa, mdogo wangu, akukuze, na asikufikishe pale ambapo mtu anakuambia, "Ungesema tu."