Mandari Iliyopangwa kwa Mguu Wangu

Miaka ile ya hamsini, nyumba yetu ya Ngamiani haikuwa na starehe kubwa kuliko mandari. Kila baada ya Idi Ndogo tulipakia masufuria, mikeka na watu kwenye lori la baba la kubebea nazi, tukaenda mahali kupika, kula na kurudi jioni. Kula hakukuwa na matata. Matata yalikuwa kuchagua pa kwenda, maana lori hilo hilo lilibeba kaka zangu waliopanda minazi kama mchezo, shangazi yangu mwenye pumu, mama na kitoto chake kichanga, bibi mzaa mama ambaye magoti yalikuwa yameanza kumkatalia, na mimi mwenye mguu wa kushoto uliolemazwa na homa tangu utotoni.

Mwaka huo bibi alitaka Amani. Alikuwa Mshambaa wa huko milimani, ndoa ndiyo iliyomteremsha pwani, na tangu babu afariki alikuwa akikaa kwetu. Alitaka asikie tena baridi ya kwao na anywe maji ya kijito alichokuwa akiteka usichanani. Hakutaka zaidi ya hapo. Lakini baba alikuwa mkwewe, na bibi alimwonea haya hata kumwomba chumvi, angemwombaje lori? Njia iliyobaki ilikuwa mjukuu, kwa kuwa mjukuu huruhusiwa kusema lolote. Alikuwa na wajukuu wengine, wenye miguu yao miwili mizima. Akanichagua mimi kwa sababu nilikuwa kipenzi chake.

"Useme wewe, mke mwenzangu," akaniambia. "Sema wewe ndiye unayetaka. Mimi usinitaje."

Siku ya shauri wanawake walikuwa uani wakichambua mchele, baba ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Nikasema nataka twende Amani.

Shangazi akaweka ungo chini. "Amani! Na mguu huo, mwanangu? Kule ni kupanda na kuteremka kutwa. Nani atakubeba?"

"Nitapanda mwenyewe."

"Maskini," akasema mama, kwa sauti ile niliyoichukia kuliko mguu wenyewe.

Basi, shauri likaishia hapo. Baba, na wala hakuwa mtu mbaya, akasema kwa ajili yangu tutakwenda Ushongo, kwenye tambarare. Wote wakanitazama kama watu walionipa zawadi. Nilitamani kuupiga teke ule ungo. Mguu huo huo ulinipeleka bombani kila asubuhi na kunirudisha na ndoo kichwani, na hakuna aliyeuonea huruma. Lakini ningesema nini? Kumtaja bibi kungekuwa kumwaibisha mbele ya mkwewe. Yeye mwenyewe aliinamia mchele, akaendelea kuokota chuya.

Tukavuka mto Pangani kwa pantoni, tukafika Ushongo. Waliochagua tambarare hawakuwahi kutembea na fimbo mchangani: fimbo inadidimia, mguu nao unaifuata. Nilishinda mkekani kando ya masufuria, kaka zangu wakiogelea na kupiga kelele. Bibi alikaa nami, ameipa bahari mgongo. Sahani yake ya pilau aliirudisha ilivyo, akasingizia joto.

Idi nyingine hakuifikia. Masika yalimkuta kitandani, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsugua miguu kwa mafuta ya nazi. Alasiri moja mvua ilikuwa imekatika, nikafungua dirisha apate hewa. Akanishika mkono.

"Mke mwenzangu, usijilaumu kwa ile Amani," akasema. "Mguu hukuuomba wewe. Mimi nimekwisha kukusamehe."

Nilitaka kumwambia kwamba mlima ule ningeupanda, na kama si kwa fimbo basi kwa magoti, na kwamba mguu wangu haukumnyima chochote. Lakini alikuwa amekwisha kufumba macho, na uso wake umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo. Nikaendelea kumsugua. Tukamzika wiki hiyo hiyo, kwenye mchanga.

Shangazi na mama niliwaudhikia miaka mingi, na hilo lilikwisha. Lakini mpaka alasiri ile haikuwahi kunipitia akilini kwamba bibi naye aliamini kuwa ni mguu wangu.